Kabla ya Kung'oa Nanga, Je, Mmekaa Mkaongea?

 

Siku ya arusi watu husema maneno mazuri sana. Mmoja akishika kipaza sauti atawaambia bwana na bibi arusi kwamba ndoa ni safari, na kwamba leo chombo chao kimeng'oa nanga. Akina mama hupiga vigelegele, keki hukatwa, na mambo huishia hapo. Mimi ni katekista, na kwa miaka kadhaa nimewafundisha wachumba katika parokia yetu hapa pwani. Neno hilo la safari nimelisikia mara nyingi mpaka nikaanza kujiuliza: Je, sisi tunaolisema tunajua jinsi safari ya baharini inavyoandaliwa?

Nenda ufukweni siku moja ukawaone mafundi wa majahazi wakiwa kazini. Chombo huegeshwa mchangani maji yakiwa yamekupwa. Fundi hupita ubao kwa ubao akitafuta nyufa. Hushindilia pamba katika maungio, kazi inayoitwa kukalafati, kisha hupaka mafuta ili mbao zisinywe maji. Kamba iliyooza huondolewa, tanga lililotoboka hushonwa. Na hata chombo kikiwa tayari, manahodha wa zamani hawakuondoka siku waliyoitaka wao. Aliyetoka huku kwenda Uarabuni alingoja upepo wa kusi. Aliyetoka huko kuja kwetu alingoja kaskazi. Hakuna aliyemwita mwenzake mwoga kwa sababu ya kungoja.

Leo nataka tuitazame familia moja iliyojitayarisha kwa safari ndefu ya namna hiyo, baba, mama na watoto. Ni kisa cha kweli, na kina mafundisho mengi kwa watu wa ndoa. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu nitakueleza pia kosa langu mwenyewe.

FAMILIA ILIYOUZA SHAMBA

Dougal Robertson alikuwa Mskoti ambaye zamani alikuwa afisa katika meli za biashara. Mkewe, Lyn, alikuwa muuguzi. Baadaye wakawa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa katika kaunti ya Staffordshire, Uingereza. Wewe unayefuga unaijua kazi hiyo: kuamka alfajiri, kukamua, kutafuta malisho, na mwisho wa mwezi kukuta kilichobaki ni kidogo. Walikuwa na watoto wanne: Anne, Douglas, na mapacha Neil na Sandy.

Siku moja walisikia redioni habari za watu wanaoizunguka dunia kwa vyombo vya tanga. Mtoto Neil akauliza kwa nini wao pia wasiende, maana baba yao ni baharia. Wazazi wengi tungemwambia mtoto anyamaze. Lakini swali lile liliota mizizi katika nyumba ile. Hatimaye waliuza shamba, wakanunua chombo cha mbao chenye milingoti miwili, urefu wake kama mita 13, kilichoundwa mwaka 1922. Jina lake Lucette. Tarehe 27 Januari 1971 waliondoka katika bandari ya Falmouth.

Pengine unasema huo ni wazimu. Mimi siwahukumu. Naona jambo jema, nalo ni kwamba walikwenda pamoja. Lakini naona pia upungufu mmoja mkubwa. Baba alikuwa baharia; wenzake nyumbani hawakuwa mabaharia. Douglas, ambaye baadaye aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya safari hiyo, ameeleza kwamba hawakufanya hata safari fupi ya mazoezi kabla ya kuondoka. Baba aliamini kwamba watajifunza njiani. Basi hawakuwa wamefika mbali, dhoruba ikawakuta katika Ghuba ya Biscay, bahari inayojulikana kwa ukali wake wakati wa baridi. Watu waliokuwa wamezoea ndoo za maziwa wakalazimika kujifunza kamba za tanga katikati ya mawimbi.

Hata hivyo waliendelea. Walivuka Atlantiki, wakafika visiwa vya Caribbean. Huko Bahamas, binti yao Anne, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, akashuka ili afuate maisha yake. Huko Panama akapanda kijana mmoja kutoka Wales, Robin Williams. Wakaingia Pasifiki, wakapita visiwa vya Galapagos.

Tarehe 15 Juni 1972 nyangumi wauaji wakakipiga chombo, nacho kikazama kwa dakika chache tu. Watu sita wakabaki juu ya maji: baba, mama, Douglas wa miaka 18, wale mapacha waliokuwa na miaka 12 hivi, na yule kijana mgeni. Walikuwa na chelezo cha mpira cha kujazwa upepo, na kidau cha urefu wa mita 3 hivi kilichoitwa Ednamair. Chakula cha dharura kilikuwa cha siku chache. Baada ya siku 17 chelezo kikawa hakifai tena, na wote sita wakajibana katika kidau. Walikula kasa na samaki, wakakinga maji ya mvua. Siku ya 38, yaani tarehe 23 Julai, wavuvi Wajapani wakawaona na kuwaokoa, wote sita wakiwa hai. Kidau chenyewe kimewekwa katika jumba la makumbusho ya bahari huko Falmouth, mji ule ule walioondokea.

NI NINI KILICHOWAFAA?

Jiulize, mpenzi msomaji: pesa za shamba zilikwenda wapi? Zilinunua chombo, na chombo kilikuwa sasa chini ya bahari. Kilichobaki kuwafaa ni kile ambacho kila mmoja alikuwa nacho kichwani na mikononi. Baba alijua nyota na pepo. Bila vifaa vya kupimia alikadiria mahali walipo, akaona kwamba heri waelekee kaskazini, kwenye eneo lenye mvua, kuliko kufa kwa kiu. Mama alikuwa muuguzi, naye aliwatunza wengine kwa ujuzi wake miili isikaukiwe na maji. Hata kikapu chake cha kushonea, kilichookotwa kikielea juu ya maji, kikawa hazina katika kidau kile. Nani angefikiri, siku ya kufunga mizigo, kwamba sindano na uzi ni vitu vya kuokoa maisha?

Ninapowafundisha wachumba, wengi wao wako tayari kuniambia juu ya chombo. Ukumbi utakuwa wapi, gauni litakodishwa kwa kiasi gani, kamati ya arusi imekusanya ngapi, sofa zitakuwa za rangi gani. Hayo si mabaya. Lakini nikiwauliza, "Je, unajua mwenzako anaogopa nini? Unajua ana deni? Mmesemezana juu ya wazazi wa pande zote mbili, juu ya mshahara, juu ya watoto?" hapo mmoja humtazama mwenzake, na mwingine huangalia viatu vyake.

MAANDALIZI YA NAMNA TATU

Mtakatifu Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya familia uitwao Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alifundisha kwamba maandalizi ya ndoa yana ngazi tatu: ya mbali, ya karibu, na yale ya mwisho kabisa kabla ya siku yenyewe. Ukiyafikiria utaona kwamba hata msafiri wa baharini hujiandaa vivyo hivyo.

Maandalizi ya mbali huanza utotoni. Mtoto anayeona baba akimwambia mama "samahani" amekwisha kuanza kufundishwa ndoa. Dougal hakujifunza nyota siku chombo kilipozama, alijifunza ujanani. Nawe unamfundisha mwanao nini leo mezani? Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha watu wa ndoa maneno matatu: tafadhali, asante na samahani. Ni maneno mafupi, lakini mtu ambaye hakuyasikia kwao huyaona mazito kama nanga.

Maandalizi ya karibu ni mazoezi. Hapa ndipo familia ile ya Robertson ilipopungukiwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapopungukiwa. Wachumba na wajizoeze kupanga jambo dogo pamoja na kulitimiza. Watu waliokwisha oana nao wafanye vivyo hivyo kabla ya kila badiliko kubwa. Mnataka kuhama? Tembeleeni huko kwanza, nyote wawili. Mnataka kuchukua mkopo? Jaribuni miezi mitatu kuweka kando kiasi kile mtakachokuwa mkilipa, mwone kama mtaweza kuishi. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Lk 14:28). Angalia neno hilo, kuketi. Mambo ya nyumba hayahesabiwi mmoja akiwa mlangoni na mwingine jikoni.

Maandalizi ya mwisho ni kukagua nyufa. Kila ndoa ina mahali panapovuja. Fundi wa jahazi haoni haya kuonyesha ufa, kwa maana akiuficha atauona tena baharini. Kitubio, mazungumzo na padre, ushauri wa wazee wenye busara katika Jumuiya Ndogo Ndogo, hayo ndiyo kalafati yetu.

MNUNUZI ALIYEKUJA NA KAMBA

Sasa nitimize ahadi yangu. Mwaka 2010 mimi na mke wangu, Mama Mwende, tulikuwa tukiishi Makueni. Tulikuwa na shamba dogo, ng'ombe mmoja wa maziwa, na watoto watatu. Binamu yangu akanipigia simu kutoka pwani, akaniambia kuna kazi ya kusimamia shamba la minazi. Nikakubali palepale. Nilijiambia moyoni kwamba nitamweleza Mama Mwende mambo yakishakuwa tayari, ili asinitie hofu. Nikapanga siku, nikamtafuta na mnunuzi wa ng'ombe.

Asubuhi moja mnunuzi akafika akiwa na kamba mkononi. Mke wangu alikuwa anakamua. Alimtazama yule mtu, akaitazama kamba, akaniangalia mimi. Akasema, "Baba Mwende, kumbe hata mnunuzi wa ng'ombe huambiwa kabla yangu?" Hakupiga kelele. Aliichukua ndoo akaingia ndani, na kimya kile alichoingia nacho kilikaa katika nyumba yetu zaidi ya mwaka.

Siku ya kupakia mizigo nilitaka tuiache cherehani yake, kwa sababu kondakta alidai nauli ya mzigo. Akaniambia, "Juu ya safari sikuulizwa. Lakini cherehani yangu inapanda." Ikafungwa juu ya basi.

Kazi ile ilidumu miezi saba tu, kwa maana mwenye shamba aliliuza. Kisha nikashikwa na malaria, nikalala wiki nyingi. Katika muda huo wote tuliishi kwa cherehani. Mama Mwende alishona sare za shule na nguo za watoto wa Komunyo ya Kwanza, akalipa kodi ya nyumba, akalipa karo. Nilikuwa nalala nikiisikiliza usiku, na kila sauti yake ilikuwa kama inaniuliza swali. Jioni moja nikaketi karibu naye nikasema, "Nilikukosea. Nilipaswa kukuuliza." Hakusimama. Aliendelea kukanyaga mpaka akamaliza mshono, akakata uzi, ndipo akasema, "Nimelingoja neno hilo tangu siku ya kamba."

Ndugu yangu mwanamume, mimi nilikuwa nikifundisha watoto Amri za Mungu na nilijiona mtu mwema. Sikumpiga mke wangu, sikulewa, sikutembea nje. Hata hivyo nilimpakia kama mzigo katika safari ya maisha yake mwenyewe. Nilipokuja kusoma habari za kile kikapu cha kushonea kilichookotwa Pasifiki, niliifikiria cherehani iliyofungwa juu ya basi, nikaona aibu.

PAULO ALIYEKUWA CHOMBONI

Najua kuna baba atakayenijibu kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haisemi kwamba nahodha asiongee na walio chomboni. Soma Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa tu katika meli ile iliyokuwa na watu 276. Alionya kwamba safari wakati ule ina hatari. Yule akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Unajua yaliyofuata: upepo mkali, shehena kutupwa baharini, siku nyingi bila jua wala nyota, na mwishoni meli kuvunjika. Sauti iliyodharauliwa ndiyo iliyokuwa na ukweli.

Lakini sura hiyo ina neno kwa mama pia, au kwa yeyote aliyeonya asisikilizwe. Mambo yalipoharibika, Paulo aliwakumbusha mara moja kwamba wangemsikiliza. Hakuwakumbusha kila asubuhi. Baada ya kusema, aliwatia moyo, kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula, nao wakapata nguvu. Wote wakafika pwani salama. Ewe uliyekuwa na haki, baada ya kusema ukweli wako, je, uko tayari kuwamegea mkate wale waliokosea?

CHOMBO KISIPOONDOKA

Nisieleweke vibaya. Sisemi watu wakae nyumbani kwa hofu. Jahazi likikaa mchangani muda mrefu, jua hukausha mbao zake mpaka zinaachana. Kuna wachumba wanaoahirisha Sakramenti ya Ndoa mwaka baada ya mwaka wakisema bado hawajajitayarisha, kumbe wanachongojea ni pesa za sherehe. Kuna na watu wa ndoa wasiothubutu kufanya lolote. Upepo wako ukija, na mmekwisha kukubaliana, ondokeni kwa jina la Bwana. Nuhu alijenga safina kwa vipimo alivyopewa, akakusanya chakula kama alivyoagizwa, na alipoambiwa aingie, aliingia pamoja na mkewe, wanawe na wake zao (Mwa 6 na 7).

Tena kumbukeni kumwacha mtoto aliyekua achague bandari yake. Wazazi wale hawakumlazimisha Anne kuendelea. Mtoto si baharia wa kufungwa katika ndoto ya baba yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Jioni hii, watoto wakishalala, zimeni redio na mweke simu kando. Mjiulize haya, kila mmoja ajibu bila kukatizwa:

1. Je, kuna uamuzi ambao mmoja wetu ameufanya na mwingine akausikia kwa watu wa nje?

2. Mwenzangu ana ujuzi gani au kipawa gani ambacho mimi nimekiona kama mzigo?

3. Kama mshahara, shamba au biashara ingezama kesho, kila mmoja wetu angeweza kufanya nini?

4. Ni ufa gani katika nyumba yetu tunaoujua sote wawili lakini hatuutaji?

Msiyamalize yote usiku mmoja. Mkikwama katika swali la kwanza, bakini hapo hapo. Mimi na Mama Mwende tulikwama hapo mwaka mzima na zaidi. Na siku hizi, kabla sijakubali hata shughuli ya siku moja nje ya parokia, hurudi nyumbani kwanza. Yeye hucheka na kuniuliza, "Leo hujaja na mtu wa kamba?"

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyelala katika mashua pamoja na wafuasi wako na ukaituliza bahari, ingia katika nyumba yetu kabla hatujaondoka, wala usingoje mpaka tuzame. Utufundishe kuulizana, kusikilizana na kusameheana. Utufikishe salama, sote pamoja, katika bandari ya uzima wa milele. Amina.